Elkanah na Kenda Iliyojaa

Kuna watu ukiwaona asubuhi unajua hawajaamka bado. Wametoka na usingizi wao, wameuvaa kama koti la kuazima. Elkanah Mugo ni mmoja wao. Kazi yake ni ya usiku, huku Amerika, Landover, kwenye ghala la vyakula, anaendesha ile mashine yenye uma mbili ya kunyanyua mizigo. Kukipambazuka anatoka, anapita nje ya nyumba yake mwenyewe pale Adelphi bila hata kupunguza mwendo, anafuata University Boulevard mpaka Silver Spring, anaegesha gari, na kuingia sinagogi kuomba na Wayahudi.

Anaomba nao kwa sababu yeye ni Myahudi. Ngoja, usicheke. Mimi nilishacheka kwa niaba yetu sote.

Jengo hilo nalisafisha mimi. Nafagia, napiga deki, napika kahawa ya watu wa sala ya asubuhi. Nililelewa kanisani kule Bomet na nitazikwa kwa nyimbo za kanisa, kwa hivyo mambo ya sinagogi nayatazama kama mtu anayechungulia harusi ya jirani dirishani. Siku ya kwanza nilipomwona Elkanah amejifunga kile kisanduku cheusi cha ngozi juu ya paji la uso, kanda zimemzunguka mkono, nilijiambia, huyu Mkikuyu amesikia kuna ploti inauzwa humu. Nikamngoja mlangoni, nikamwuliza kwa Kiswahili amekuja kufanya nini. Akanitazama kwa yale macho yake ya nusu ndoto, akasema amekuja nyumbani.

Basi tukazoeana. Mimi pia nakaa Adelphi, na asiye na gari hachagui wa kumpa lifti. Njiani ndipo nilipoyapata maisha yake, vipande vipande, taa nyekundu moja baada ya nyingine, mara nyingine akikata katikati kwa sababu usingizi umempitia na mimi nimemfinya.

Baba yake alikuwa mkulima wa viazi upande wa Ol Kalou, huko juu ambako ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi. Alikuwa mzee wa kanisa. Siku moja akamwuliza mchungaji ni nani aliyeihamisha Sabato akaipeleka Jumapili, na alipewa ruhusa na nani. Mchungaji akampa kazi ya kukusanya sadaka ili anyamaze. Hakunyamaza. Alisoma, akauliza, akapanda basi mpaka Nairobi kumtafuta Myahudi yeyote wa kumwuliza zaidi, na aliporudi akawaambia watu wa nyumba yake kwamba tangu siku hiyo wao ni watu wa Torati. Nguruwe wakauzwa. Krismasi ikapita kama Jumanne. Majirani wachache walimfuata, wengi walimcheka, na stoo moja ya viazi ikageuzwa nyumba ya sala.

Elkanah alizaliwa baada ya hapo, na siku ya nane akatahiriwa. Mtu wa pwani atasoma hapo apite, lakini mtu wa bara ataweka kikombe chini. Kwetu sisi kisu ndicho kinachomtoa kijana utotoni, akiwa na akili zake, pamoja na wenzake, na wanatoka huko na jina la rika ambalo watazeeka nalo. Yeye kisu kilimpitia akiwa hajui hata jina lake. Wenzake walipoenda, alibaki upande wa huku wa ua akisikia nyimbo. Walipopona na kuanza kuitana kwa jina la rika, alipowakaribia walinyamaza. Hakuwa mtoto, hakuwa mwanaume, alikuwa kitu cha baba yake.

“Sikulia,” aliniambia, huku wiper zinasukuma mvua. “Baba alinipeleka shambani, akanionyesha safu za viazi, akasema sisi tuna watu wengine mahali pengine. Nikawa nawaota. Katika ndoto walikuwa wengi, wamekaa kwenye ukungu, wananingoja.”

Ndio hao sasa. Alipofika Amerika na kuiona nyota ya pembe sita juu ya mlango wetu, alisimama upande wa pili wa barabara kwa muda mrefu, kama mtu aliyeona moshi wa jiko la kwao ng'ambo ya mto.

Sasa nikueleze jinsi wanavyoomba, maana bila hilo hutaelewa kilichomkuta. Wayahudi wana maombi ambayo hayasemwi mpaka wawe watu kumi. Kubwa katika hayo kwa mtu aliyefiwa ni kadishi. Ni maneno ya kumtukuza Mungu. Hayamtaji maiti wala kaburi. Aliyefiwa husimama akayasema, na wengine humjibu Amina. Wasipotimia wa kumjibu, anakaa chini na kilio chake. Mimi nililipenda jambo hilo nilipolielewa: huzuni ambayo dini imekukataza kuibeba peke yako.

Mwenye kuangalia kama kumi wametimia ni Mzee Pinsky. Ana umri wa kuitwa mzee na hasira ya kijana. Na hahesabu kwa namba, kwa sababu Wayahudi, kama sisi, hawapendi watu wahesabiwe kama magunia. Kwetu mtu akikuhesabia watoto unamwuliza kama anataka kuwazika. Mzee Pinsky ana aya fupi ya Kiebrania yenye maneno kumi. Anainong'ona huku kidole kinapita juu ya vichwa, neno moja kwa mtu mmoja. Aya ikiisha, kumi wapo. Wanawake anawahesabu kwa sauti ya chini zaidi, kama mtu anayemeza dawa. Zamani jengo hilo halikuwahesabu. Walipigana juu ya hilo miaka mingi, akashindwa kwa kura, naye akakubali kushindwa lakini hakukubali kufurahi.

Kidole hicho kilipofika kwa Elkanah, aliyekaa safu ya nyuma, kilimruka.

Kilimruka kila asubuhi, na Elkanah alikiona, na alifurahi. Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na ni kosa ambalo Mkikuyu tu angelifanya. Wakikuyu wana habari ya mabinti wa mwanzo wa kabila lao. Walikuwa kumi, lakini hutawasikia wakisema kumi. Husema kenda, yaani tisa, kenda iliyojaa. Wa kumi hatajwi. Si kwamba hayupo. Yeye ndiye anayeijaza ile kenda, na ukimtaja umemwanika kwa kila jicho baya linalopita. Basi Elkanah alipoona watu wenye aya badala ya namba, na kidole kinachomgusa kila mtu isipokuwa yeye, alijua amefika kwa watu wake wa kwenye ukungu. Walikuwa wanamficha. Mgeni aliyetoka mbali kuliko wote, walikuwa wamemfanya kifuniko cha chungu.

Mzee Pinsky kwa upande wake alidhani Elkanah anajua. Mtu anayekaa safu ya nyuma, hadai chochote, anaitikia Amina kwa adabu: huyo anajua mahali pake. Rabi naye, mwanamke mrefu mpole anayeitwa Naomi, alidhani wamekwisha kuambizana. Mimi nilidhani mambo hayo ni yao. Na kwa kuwa asubuhi nyingi walikuwepo watu wa kutosha na ziada, aya iliisha, sala ilianza, na kila mtu aliendelea kukaa na lile alilolidhani.

Zilikuwa asubuhi nzuri, lazima niseme. Jua la baridi lilipita kwenye vioo vya rangi na kumwaga maji ya buluu juu ya zulia, nami nikiwa mlangoni na birika nilihisi nikikanyaga nitalowa. Sauti zao zilipanda na kushuka bila kupatana, kila mzee na mwendo wake. Elkanah alifumba macho. Aliniambia kwamba katika mnung'uniko ule alisikia mvua ikianza kwenye mabati ya stoo ya viazi, na mara nyingine baba yake akikohoa safu ya mbele, na hakufumbua macho, asije akamkosa.

Watu wakaanza kupungua. Mmoja alihamia Florida kwa watoto wake, mwingine akawa hawezi ngazi, wawili wakafa. Aliyeongezeka ni mmoja tu, Ethan, mtu wa kompyuta za serikali, mama yake alikuwa akikaa safu ya mbele kabisa mpaka alipozikwa vuli ile. Ethan alimwahidi kumsemea kadishi, akawa anakuja kila siku na suruali ya kulalia. Haamini. Aliniambia jikoni siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya sukari: “Chep, Mungu hayupo. Lakini mama alikuwepo.” Nikamwongezea kahawa. Mtu anayejua tofauti ya hayo mawili si mpumbavu.

Halafu baba yake Elkanah akafa.

Alilala alasiri baada ya kula, hakuamka. Watu wao huzika upesi; kabla Elkanah hajamaliza kuomba ruhusa kazini, udongo ulikuwa umekwisha kurudi mahali pake. Aliketi sakafuni Adelphi siku saba, kama wafanyavyo, na mkewe Waringa akafunika kioo cha sebuleni kwa leso. Waringa ni muuguzi msaidizi, mwanamke wa vitendo. Alikulia dini hiyohiyo stoo ileile, lakini yeye huivaa kama sweta, akisikia joto anaivua. Watoto wao walipita kwa vidole vya miguu wakiongea Kiingereza cha chini. Mimi nilipeleka maziwa na chapati. Elkanah hakuongea juu ya baba yake. Aliongea juu ya kadishi tu: kwamba Jumatatu atasimama mbele ya watu aiseme, na baba yake, aliyeigeuza stoo nyumba ya sala kwa mbao za masanduku, ataitikiwa Amina na Wayahudi wa Amerika. Alilisema hilo kama mtu anayeona taa mwisho wa barabara.

Jumatatu ikaja na theluji.

Ilianguka bila upepo, manyoya tupu, na mji wote ukanyamaza kama mgonjwa aliyepata nafuu. Elkanah alinipitia, tukaenda polepole, magari mawili matatu tu barabarani, taa zimezungukwa na ukungu mweupe. “Angalia,” akasema, “ni Ol Kalou kabisa.” Nilimwambia Ol Kalou haina theluji. Akasema alfajiri ya baridi kali, shamba likishikwa na barafu, ina.

Walifika wachache. Mzee Pinsky alisimama, akanyoosha kidole. Kikaanza kwa Rabi Naomi, kikapita safu ya mbele, kikamgusa Ethan, kikafika kwa Elkanah, kikaruka, kikaishia kwa mzee mmoja wa dirishani. Neno la mwisho la aya likabaki mdomoni mwa Mzee Pinsky, akalimeza. Akatoka kwenda kupiga simu. Mmoja alisema gari lake limezikwa, mwingine hakupokea. Akarudi, akaketi, akatazama theluji.

“Mzee,” Elkanah akasema kutoka nyuma, “tunamngoja nani?”

“Wa kumi.”

“Wa kumi ni mimi.”

Nilikuwa mlangoni, nikaliweka birika chini.

Mzee Pinsky si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, kisa hiki kingekuwa kifupi. Alivua miwani, akaifuta, akasema, “Elkanah, wewe ni mtu mwema.”

“Sijauliza kama mimi ni mwema.”

Ndipo akaelezwa, mbele ya watu, jambo ambalo lingeelezwa kwa chai miaka miwili nyuma. Kwamba Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi, au aliyesimama mbele ya mahakimu watatu na kuzama kwenye maji ya kuongokea. Kwamba baba yake aliipenda Torati, na hilo ni jambo kubwa, lakini hakuna aliyemzamisha, na mtu hajigeuzi Myahudi mwenyewe kwenye stoo, kama vile hajiozeshi mwenyewe. Mzee Pinsky alisema hayo polepole.

“Basi kidole kilikuwa kinaniruka kweli,” akasema Elkanah.

Hakuna aliyeelewa. Walidhani analalamika. Mimi niliuona uso wake, nao ulikuwa uso wa mtu aliyeamshwa.

Ethan alisimama. “Mimi siamini chochote,” akamwambia Mzee Pinsky. “Jana nimekula nguruwe, pale nje, kwenye gari, nikakutazama ukipita. Mimi unanihesabu, yeye humhesabu?”

“Hata kutoamini kwako ni kwa Kiyahudi,” Mzee Pinsky akajibu. “Mama yako alikuzaa humo. Hata ukitaka kutoka, hakuna mlango.”

“Na yeye akitaka kuingia?”

“Yeye mlango anao. Ni wewe usiye nao.”

Rabi Naomi akaingilia. Kwake yeye, alisema, Uyahudi si damu wala si ukoo wa kutambiana. Ni agano, na mtu hujiunga nalo. Angekuwa peke yake na moyo wake angemhesabu Elkanah hata jana. Lakini kuna sheria iliyowashika wote pamoja, na akiikata hapa itafumuka kule. Angemfanyia mpango wa mahakimu na maji upesi iwezekanavyo, na kwa furaha. Kisha akamgeukia mzee. “Kuna wakati hukunihesabu hata mimi, Pinsky.”

“Na tumbo linaniuma mpaka leo.”

Mtu mmoja akacheka, akajuta. Wakasoma sala zile zinazoruhusiwa. Kadishi haikusemwa. Ethan hakumsemea mama yake, Elkanah hakumsemea baba yake, na theluji ikaendelea kujaza madirisha kutoka chini kwenda juu. Elkanah alizikunja kanda zake taratibu mno, kama anayemvua mtoto aliyelala.

Kwenye gari hakuwasha injini. Hapo ndipo aliponieleza habari ya kenda iliyojaa, vioo vyote vimefunikwa na weupe, tumekaa kama ndani ya yai. Nilitafuta neno la kumkejeli ili apone, ndiyo dawa ninayoijua. Sikulipata.

Waringa alipoambiwa, hakupoteza muda. “Nenda uoge,” akasema, mikono kwenye karai la vyombo. “Maji hayana mdomo. Utazama, utatoka, watakuhesabu, utamwombea baba. Siku moja tu.”

“Nikitoka kwenye hayo maji,” Elkanah akauliza, “baba yangu atakuwa nani?”

Waringa akaacha kuosha.

Maana hilo ndilo lilikuwa swali, na lilikuwa limekaa mezani muda wote kama mgeni aliyenyimwa chai. Ili aweze kumsemea baba yake kadishi pale, ilimpasa kwanza akubali kwamba yeye amekuwa Myahudi wiki hiyo. Na kama yeye amekuwa wiki hiyo, basi mzee aliyechekwa na kijiji kizima, aliyemnyima mwanawe rika kwa ajili ya kisu cha siku ya nane, alikuwa mkulima wa viazi mwenye ndoto. Waringa alimkumbusha kwamba hata rabi alisema kuna namna ya kuzama ili kuondoa shaka tu, bila kuulizwa ulikuwa nani kabla, ili kuwaridhisha wote. Elkanah akasema baba yake hakuwa na shaka.

Siku zile aliota sana, hata mchana. Aliniambia ndoto moja. Anashuka ngazi kuingia kwenye maji, maji ni ya vuguvugu, mahakimu watatu wamekaa na makoti ya mvua. Anazama. Chini ya maji kuna safu za viazi, zimepandwa vizuri, na baba yake anapalilia, hamtazami. Anajaribu kumwita lakini mdomo umejaa maji. Na juu anasikia watu wanaitikia Amina, Amina, kwa furaha, na kila Amina baba yake anasogea safu moja mbali.

“Usile jibini kabla ya kulala,” nilimwambia. Lakini usiku ule hata mimi jibini sikuigusa.

Akaacha kupanda ukumbini. Hakuacha kuja, miguu ilikuwa imeshazoea njia. Alikuwa anaingia jikoni kwangu, anakaa kati ya sinki la vyombo vya nyama na sinki la vyombo vya maziwa, maana Wayahudi hawavichanganyi, anakunywa kahawa, anasikiliza mnung'uniko wa sala kupitia dari. Nikamwambia jikoni si kituo cha basi. Akaniomba msamaha, akakaa.

Asubuhi moja mdogo wake akapiga simu kutoka kwao. Huku kunapambazuka, kule ni alasiri, saa yao ya sala. Elkanah aliiegemeza simu kwenye kopo la sukari. Nikaona wanaume wenye makoti makubwa na kofia za sufu, pumzi zinafuka, wamebanana kwenye chumba cha mbao. Nyuma yao mlango uko wazi na ng'ombe anapita katika ukungu bila haraka.

“Mko wangapi?” Elkanah akauliza.

“Usiulize hivyo,” mdogo wake akasema. “Tumejaa.”

Mimi kwa kukosa adabu niliwahesabu kwa namba. Walikuwa tisa. Marehemu ndiye aliyekuwa wa kumi wao. Alipokufa, kumi yao yote ilikufa naye. Mdogo wake akanyoosha kidole, akaanza kunong'ona neno kwa kila mtu, ukutani, mlangoni, penye benchi, kisha kidole kikageuka kuelekea simu, kuelekea jikoni kwangu, kikafika kwa Elkanah, kikamruka, na yule kijana akasema: “Simama, umsemee baba.”

Elkanah akasimama.

Hakusema kwa nguvu. Alifumba macho, akashika ukingo wa meza, na maneno yale ya zamani yakamtoka kwa lafudhi ya Ol Kalou, r na l zikipishana kama wenyeji. Simu ikarudisha Amina ya sauti nyingi, imechelewa kidogo, kama sauti inayovuka bonde. Akasema tena, ikarudi tena. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa cha vikombe na nilijikuta sipangusi chochote. Mwanga wa asubuhi ulikuwa umeingia kwa dirisha dogo na mvuke wa birika ulikuwa umesimama ndani yake, na sikuweza tena kujua ni mvuke wa kwangu au ni ukungu wa kwao.

Na Amina ya tatu ikaja kutoka nyuma yangu.

Nikageuka. Mzee Pinsky alikuwa mlangoni na kikombe kitupu. Mdomo ulikuwa bado wazi. Miaka sabini mdomo huo umesikia maneno hayo ukajibu, na ulikuwa umejibu kabla mwenyewe hajaulizwa. Alikuwa na uso wa mtu aliyejikuta ameingia bafuni mwa wengine.

Elkanah akamaliza. Mzee Pinsky, kwa kuwa Amina haiwezi kuachwa nusu, akaitikia mpaka mwisho, kila moja kwa sauti ndogo zaidi ya iliyotangulia.

“Hao ni nani?” akauliza.

“Watu wa baba yangu.”

“Ni Wayahudi?”

“Waulize.”

Akasogea, akainamia simu. Mdogo wake Elkanah akamwambia kwa Kiingereza shalom mzee, na je, huko kuna baridi? Mzee Pinsky akasema kuna theluji. Yule akasema pole, hapa pia si haba. Wakatazamana. Ng'ombe akapita tena. Mzee Pinsky akajinyoosha, akashika kiuno, akanipa kikombe nimjazie.

“Hili halibadilishi kitu,” akamwambia Elkanah. “Kesho ukija juu, nitakuruka.”

“Ruka tu, mzee,” Elkanah akasema. Na nilimwona anatabasamu, si tabasamu la ushindi. La mtu anayerudi kulala vizuri.

Hakurudi juu. Anaendelea kuja jikoni, kila siku isipokuwa Sabato, maana Sabato simu haishikwi. Maji yale yapo, rabi anasema hayana haraka. Elkanah anasema akimaliza miezi ya kumsemea baba yake kadishi atayatazama, na Waringa anasema akimaliza ataoga hata kama ni kwa ndoo. Juu huko wanazidi kupungua. Asubuhi moja hawakutimia, na Ethan akashuka ngazi na suruali yake ya kulalia, akauliza kama wale jamaa wa viazi bado wapo kwenye simu, kwa sababu mama yake anangoja. Wakamwambia ajisogeze aonekane. Akasema kadishi yake ya kutoamini, na wanaume tisa wenye kofia za sufu wakamwitikia mama wa Silver Spring wasiyewahi kumwona.

Siku hizi juu kusipotimia wanashuka. Rabi Naomi alifunua vitabu vyake vya sheria, akapata pa kusimamia, akasimama kando ya friji. Wanabanana, wananichafulia sakafu kwa viatu vya theluji. Mzee Pinsky anakuja wa mwisho na haingii. Anasimama kizingitini, mguu mmoja jikoni, mguu mmoja nje, mikono nyuma, na kila Amina yake naisikia. Nimemwambia aingie au atoke, baridi inapita. Hasogei. Basi napiga deki kumzunguka.